Bodi mbili kupoteza ujumbe kila mota inapowashwa: pa kuanzia

Ndugu yangu, umeeleza kwamba una bodi mbili za ATmega328P (kidhibiti kidogo cha kielektroniki) kwenye mashine ya kusaga nafaka, moja ndani ya paneli ya umeme na nyingine kwenye mizani ya kujazia magunia, umbali wa mita nane hivi, zikiwasiliana kwa nyaya za TX (kutuma), RX (kupokea) na GND (sifuri ya umeme ya pamoja) kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde, na kwamba ujumbe huharibika mota inapowashwa au kuzimwa. Walionitangulia wamekushauri ununue waya wenye ngao. Kwa uzoefu wangu wa kufunga vidhibiti vya mashine za aina hiyo, nimeuona waya huo ukifungwa kwa gharama kubwa na tatizo likabaki palepale, kwa sababu kelele za umeme zilikuwa zikiingia kwa njia nyingine.

Kabla ya kubadilisha chochote, hesabu makosa. Weka kwenye programu vihesabio vya fremu (baiti moja pamoja na biti zake za kuanzia na kumalizia) zilizokosa biti ya kumalizia, ujumbe ulioshindwa ukaguzi, na majibu yaliyochelewa, kisha uvisome mota ikiwa imezimwa, ikiwa inazunguka, na pale hasa inapowashwa na kuzimwa. Kwenye mashine moja ya kukoboa niliyoitiwa, mota ilizunguka mchana kutwa bila kosa, lakini kila kontakta (swichi ya sumaku inayowasha mota) ilipoachia, vihesabio viliruka. Chanzo kilikuwa koili ya kontakta, ambayo ikikatiwa umeme ghafla hutoa volti kubwa kuliko zile ilizolishwa. Tuliiwekea koili hiyo ya AC ya volti 230 rezista ya omu 100 na kapasita ya maikrofaradi 0.1 ya daraja la X2 (iliyotengenezwa kuhimili umeme wa gridi), hizo mbili zikifuatana na kwa pamoja zikiwa sambamba na koili, na sehemu kubwa ya makosa ikatoweka siku hiyohiyo. Kwa koili ya DC, daiodi kama 1N4007 iliyofungwa kinyume inatosha, ingawa huifanya kontakta ichelewe kidogo kuachia. Ikiwa makosa yako hutokea mota ikizunguka na inaendeshwa na inveta (kifaa cha kurekebisha kasi ya mota), basi elekeza macho kwenye kebo ya kutoka kwenye inveta kwenda kwenye mota: hiyo ndiyo inayostahili ngao kwanza, ngao ikifungwa ardhini ncha zote mbili, na waya wa mawasiliano usilale nayo kwenye mfereji mmoja, zikilazimika kukutana, zipishane kwa pembe mraba.

Baada ya hapo ndipo uiache TTL, yaani ishara za volti 0 na 5 zinazotoka moja kwa moja kwenye bodi, uhamie RS-485, njia ya mawasiliano ya nyaya mbili. Kila ishara ya TX na RX hupimwa kwa kulinganishwa na GND, na GND ya bodi moja haibaki sawa na ya nyingine pale mkondo wa rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na bodi) unaporudi kupitia waya uleule. ATmega328P kwa volti 5 ina uhakika wa kusoma sifuri chini ya volti 1.5 na moja juu ya volti 3. Yaliyo katikati ni bahati nasibu. RS-485 hupima tofauti kati ya nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, hivyo kelele inayozigusa zote mbili kwa kiasi kilekile haihesabiki, na tofauti ya milivolti 200 inatosha kusomeka. Hata hivyo waya wa GND bado unahitajika, kwa kuwa kipokezi huvumilia nyaya hizo kupanda au kushuka kati ya volti −7 na +12 tu. Ukihofia kuvuka hapo, tenganisha kwa vitenga-umeme na ugavi wake wa pekee.

Rezista ya omu 120 hukaa kwenye ncha mbili za laini, si kwenye kila bodi. Moduli nyingi za bei nafuu za MAX485 (chipu ya kubadilisha ishara za bodi kuwa za RS-485) huja nayo tayari, kwa hiyo ukiongeza bodi ya tatu katikati, iondoe rezista hiyo kwenye bodi hiyo. Laini isiyo na anayezungumza nayo isiachwe ikielea: rezista ya omu 560 kutoka A kwenda volti 5 na nyingine kutoka B kwenda GND, pamoja na omu 60 za ncha mbili, hutoa takriban milivolti 254, juu ya kiwango kinachohitajika.

Kuhusu kasi, sioni sababu ya biti 115,200 kwa uzito wa gunia. ATmega328P husoma kila biti mara tatu karibu na katikati yake na kufuata matokeo ya wengi. Katika hali ya kawaida, isiyo ya kasi maradufu, kwa biti 9,600 usomaji huo umetawanyika katika maikrosekunde 13 hivi, na mshtuko wa maikrosekunde mbili huharibu usomaji mmoja tu. Kwa 115,200 nukta zote tatu za usomaji hukaa ndani ya maikrosekunde moja na kidogo, na mshtuko uleule huzimeza zote. Tena kristali ya megahezi 16, inayoipa bodi mapigo ya saa, haigawanyiki vizuri kwa 115,200: hata katika kasi maradufu hubaki kosa la asilimia 2.1, ilhali kwa 9,600 ni 0.2.

Kwenye programu, chukulia kwamba ujumbe fulani utaharibika tu. Biti ya usawa (parity) haioni makosa mawili ndani ya baiti moja, na jumla ya baiti haioni baiti mbili zilizobadilishana nafasi; CRC (namba ya ukaguzi inayokokotolewa kutoka kwenye ujumbe) ya biti 16 hugundua mkupuo wowote wa makosa usiozidi biti 16, kwa hiyo itumie, pamoja na anwani, urefu na namba ya mfuatano. Jambo ambalo wengi hulipuuza ni maana ya ujumbe wenyewe. Usitume amri ya "badilisha hali", kwa kuwa ikirudiwa baada ya jibu kupotea, mota itazimwa ilhali ulitaka iwake. Tuma "iwe imewashwa", na badala ya "ongeza gunia moja" tuma jumla ya magunia tangu zamu ianze. Amri ya kuwasha irudiwe kila milisekunde 100, na bodi ya kontakta ikikosa ujumbe sahihi kwa milisekunde 500, iachie yenyewe. Kitufe cha dharura kisipite kabisa kwenye mawasiliano haya. Kikate moja kwa moja saketi ya koili ya kontakta.