Geini si volyumu: namna ya kuisoma chaneli ya mikisa

Kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, feda (kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti) imeshushwa karibu hadi chini kabisa, sauti ya mwimbaji bado inakwaruza, na taa nyekundu ya PEAK, inayoonya kwamba sauti imezidi, inamweka kila anapopandisha. Fundi mitambo anashusha feda zaidi. Sauti inapungua, mkwaruzo unabaki. Kosa liko juu kabisa ya chaneli (safu ya nobu za maiki au ala moja), kwenye nobu ya GAIN, ambayo wengi huitumia kama volyumu.

Chaneli husomwa kutoka juu kwenda chini, kwa sababu sauti nayo, kwa sehemu kubwa, hupita hivyo hivyo: tundu, geini, ekwalaiza (nobu za kurekebisha besi, sauti za kati na za juu), feda. Kinachoharibika juu hakiponi chini. Maiki hutoa umeme wa milivolti chache tu, na kazi ya geini ni kuukuza ufikie kiwango ambacho mikisa inakihitaji. Ukizidisha, vilele vya sauti hukatwa palepale mwanzoni, na feda inabaki kupunguza sauti iliyokwisha kukatika. Ukiweka geini ndogo mno, utasukuma feda hadi juu, na mvumo wa mashine utapanda pamoja na sauti.

Kuipanga si kazi ya dakika nyingi. Feda iwe chini, nobu za ekwalaiza zote ziwe katikati, geini iwe kwenye kiwango cha chini. Bonyeza PFL, kitufe cha kukagua chaneli kabla ya feda, ili mita ionyeshe chaneli hiyo peke yake. Sasa mwombe mwimbaji aimbe kile kipande anachopaza kuliko vyote, tena akiwa ameishika maiki kama atakavyoishika kwenye ibada. "Testi, moja, mbili" haikusaidii chochote, maana hakuna anayeimba hivyo. Zungusha geini polepole hadi mita icheze karibu na 0, vilele viguse +6, na PEAK isiwake. Kwenye mikisa ya dijitali hesabu ni nyingine: pale 0 ndiyo dari, kwa hiyo wastani uwe karibu na -18. Kisha achia PFL na upandishe feda kuelekea alama ya 0.

Feda ina sababu ya kukaa jirani na 0. Pale juu, ukiisogeza kwa upana wa kidole unabadilisha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) chache tu. Kule chini, mwendo uleule unaweza kurusha sauti kwa desibeli 20. Feda inayofanya kazi chini kabisa haiwezi kuongozwa kwa utulivu.

Ibada ikishaanza, usiiguse geini. Monita, spika zinazowaelekea walio jukwaani, huchukua sauti baada ya geini, kwa hiyo ukiongeza geini ili mhubiri asikike ukumbini, unaiongeza pia kwenye spika iliyo miguuni pake. Spika hiyo inairudishia maiki, na mluzi unaanza. Sauti ya ukumbini ongeza kwa feda. Ikiwa PEAK inawaka na ni lazima upunguze geini, pandisha nobu ya monita ya chaneli hiyo kwa kiasi kilekile, la sivyo mwimbaji atadhani umemzimia.

Hapo kwenye monita kuna kitufe cha PRE na POST kinachosumbua wengi. PRE huchukua sauti kabla ya feda, POST baada yake. Nobu ya AUX (ya kutuma sauti pembeni) inayolisha monita iwe PRE, ili unapogusa feda jukwaani pasibadilike kitu. Inayolisha mwangwi iwe POST. Ukiuweka mwangwi kwenye PRE, utashusha feda hadi chini na mwangwi wa mwimbaji utaendelea kusikika peke yake.

Tukirudi juu, kinanda kichomeke kwenye tundu la LINE, la vyombo vyenye umeme mkubwa kuliko wa maiki. Kikiingia kwenye tundu la maiki, kinaweza kukwaruza hata geini ikiwa chini kabisa, na hapo utahitaji kitufe cha PAD, kinachopunguza nguvu ya sauti inayoingia. Umeme wa volti 48 unaotoka kwenye mikisa ni wa maiki za kondensa, aina inayohitaji umeme ili ifanye kazi. Shure SM58, maiki ya waimbaji isiyo ya kondensa, haiuhitaji. Uwashe na uuzime feda zikiwa chini, maana spika hupiga kishindo. Ukumbuke pia kwamba umeme huo hupita kwenye tundu la XLR (la pini tatu) tu, hivyo kondensa iliyoungwa kwa jeki (plagi ya pini moja) haitatoa sauti.

Kitufe cha kukata besi, ambacho kwa kawaida huandikwa 80 au 100, kibonyeze kwenye maiki zote za waimbaji. Huondoa vishindo vya jukwaa na mipumuo. Gitaa la besi na dramu kubwa uviache.

Kwenye ekwalaiza, kata kabla ya kufikiria kuongeza. Sauti ikiwa kama inatoka ndani ya ndoo, tafuta kati ya Hezi 200 na 400. Ikichoma masikio, tafuta kati ya kilohezi 2 na 4. Kama nobu ya katikati ina mwenzake wa kuchagua masafa, ongeza kidogo huku feda ikiwa chini kiasi, zungusha ya masafa hadi ubaya ujitokeze wazi, kisha ukate desibeli 3 hadi 6 hapohapo. Ukiongeza desibeli 6 popote, umeme wa sauti kwenye masafa hayo umekuwa maradufu, kwa hiyo rudi kwenye PFL uangalie mita upya.

PAN, nobu ya kuelekeza sauti kushoto au kulia, iache katikati kwa waimbaji. Aliyekaa ukutani kushoto husikia zaidi spika ya kushoto, na ukipeleka sauti kulia umemnyima.

Chaneli ikikaa kimya, ifuate kwa njia ileile. Bonyeza PFL. Mita isipocheza, tatizo ni kebo, maiki, volti 48 au geini. Ikicheza, angalia MUTE (kitufe cha kunyamazisha chaneli), halafu kitufe cha ST au L-R kando ya feda. Hicho kisipobonyezwa, sauti haifiki spika kuu hata feda ikiwa juu kabisa.