Flashi ya GB 64 iliyoniumbua kwa fundi wa mastaringi

Wadau, kama unajiandaa kupeleka miksi zako (nyimbo zilizoshachanganywa sauti) kwenye mastaringi, ile hatua ya mwisho ya kunyoosha sauti kabla wimbo haujatoka, hebu soma hii kwanza. Nilikuwa na nyimbo saba za dogo mmoja wa singeli, tumekesha nazo studio Sinza, nikapita Kariakoo nikanunua flashi imeandikwa GB 64, bei ya kutupa, mwenye akili timamu angejiuliza mara mbili ila mimi nilikuwa na haraka zangu. Nikaanza kukopi sesheni nzima, yaani mafaili yote ya kurekodia, miksi zikafuata nyuma, majina yote nayaona, nikachomoa nikadaka boda mpaka Mikocheni.

Fundi anafungua, wimbo wa kwanza freshi, wa pili freshi, wa tatu umefika katikati ukaanza krrrr halafu kimya. Wa nne hata haufunguki. Jina lipo, saizi ipo, ndani hewa. "Kaka, hapa umeuziwa ganda," akacheka, mimi nacheka na nini wakati muda wake nishaulipia.

Kumbe zile feki chipu yake ni ndogo, yangu ilikuwa GB 8 tu, imechezewa iidanganye kompyuta kwamba ni 64, kwahiyo ukizidisha inaendelea kupokea tu wala haikwambii kitu, na unachoweka kinapotea au kinafuta cha zamani. Sikuhizi flashi mpya lazima niipime na H2testw, kiprogramu cha bure cha Windows, kinaijaza yote halafu kinasoma upya kuona kama kila kitu kimerudi. Inachosha, nenda kale chipsi urudi. Nikishakopi naichomeka kwenye kompyuta ya mtu mwingine, nasikiliza kila wimbo mpaka mwisho humohumo kwenye flashi, na nakala nyingine inabaki hadidiski ya nyumbani.

Faili lenyewe peleka WAV, faili la sauti lisilokatwa kitu, ya biti 24, sampo reti (mara ngapi sauti inapimwa kwa sekunde) ileile uliyorekodia, kama ni kHz 44.1 iache hivyohivyo usijitie ujuaji wa kuipandisha. Limita (kile kinachobana sauti isipite kiwango) ya kwenye masta, chaneli kuu, toa, acha nafasi juu kabla sauti haijagonga kikomo, mimi naacha desibeli 3 mpaka 6. Wimbo wa dakika 4 hapo unakula kama MB 63, MP3 ya 320 haifiki hata 10, ndo maana watu wanarusha MP3 kwa WhatsApp wakishashtukiwa wanaigeuza iwe WAV. Jamani, MP3 inakuwa ndogo kwa kukata sehemu ya sauti, na kilichokatwa hakirudi, hiyo ni juisi ya maji umeihamishia kwenye jagi kubwa. Fundi ataisikia tu kwenye vile vitoazi vya juu.

Usiku ule tulirudi Sinza kuekspoti zote upya. Flashi bado ninayo, inapiga taarabu kwenye gari la mjomba, nyimbo za GB 5, haijawahi kusumbua.