Matangazo ya kizamani kwa biashara ndogo

Matangazo ya kizamani, kama maandishi ya ukutani na spika, bado yanafanya kazi, ila kwa anayewauzia watu wa mtaani kwake. Nauza gesi ya kupikia Mbagala, Dar es Salaam, na namba niliyoandika kwa rangi ukutani inaniletea oda nyingi kuliko Instagram. Mtu gesi ikimkatikia saa mbili usiku, ugali uko jikoni, haanzi kuperuzi. Anakumbuka ule ukuta wa bluu pale kwenye kona. Na mteja akisharidhika, jirani yake atakupigia bila wewe kutangaza chochote.

Vipeperushi sivishauri. Nilichapa, wiki ya pili nikavikuta vinafungia karanga. Stika ya namba kwenye mtungi ndiyo inakaa, kila akiwasha jiko anaiona.

Spika zinavuta watu, lakini kuna kanuni za kelele za 2015 na NEMC, wale wasimamizi wa mazingira, hawana mchezo nazo, kwa hiyo sauti ya wastani tu. Bango la barabarani pia lina kibali na ada, uliza kwanza.

Kama unauza nguo na kutuma mikoani, hapo sahau ukuta. Weka nguvu kwenye WhatsApp.