Babu Alilisha Mzinga Gani?

Swali: Shikamoo Mzee Fundi. Marehemu babu alikuwa baharini Vita vya Pili. Alisema kazi yake ilikuwa "kulisha mzinga". Vipi? – Mjukuu, Kondele, Kisumu

Jibu: Marahaba, mjukuu. Nadhani ni Bofors ya milimita 40, mzinga wa Uswidi wa kutungulia ndege. Makombora yalikuja manne manne kwenye klipu, ukiyashindilia kutoka juu kwa mkono. Mtutu mmoja ulitema kama 120 kwa dakika. Piga hesabu, ni klipu moja kila sekunde mbili, na meli inayumba! Hata wa posho mill pale Kibuye hawalishi mahindi hivyo. Oerlikon, mzinga mdogo zaidi wa milimita 20, ilikuwa nafuu kulisha: drumu la risasi 60, basi.