Ami, nianze na kitabu gani cha Kihindi?

Mwezi huu barua tatu zauliza mambo ya India, mbili za Lamu moja ya Malindi, nimezijibu pamoja.

*Assalam aleikum Ami. Mimi ni msichana wa Langoni, Lamu. Nimekua nikiangalia sinema za Kihindi na bibi yangu, tangu za kaseti hadi sa hizi za simu. Sasa nataka kusoma vitabu vyao lakini naona kama vyote ni vya wafalme na miungu, tena vinene. Nianze wapi?*

Waaleikum salam mwanangu. Kwanza hilo neno "Kihindi" tuliweke sawa, maana sisi huku pwani twalitumia kwa kila kitu, wimbo wa Kihindi, sinema ya Kihindi, wakati kule katiba yao yataja lugha 22 na kila moja ina waandishi wake, mtu wa Bengal, mashariki, na mtu wa Kerala, kusini, kila mmoja akishika lugha ya mamake hawaelewani hata wakiulizana njia. Kwa hivo usitafute kitabu cha Kihindi, tafuta kitabu cha mahali.

Mimi ningekuanzisha Kerala kwa Vaikom Muhammad Basheer, alozaliwa 1908 akafariki 1994, aliandika Kimalayalam. Huyu bwana aliandika vile watu wanavozungumza majumbani, mama na wanawe jikoni, maneno ya Waislamu wa Malabar, pwani ya Kerala, ambayo wasomi waliona hayana adabu ya kuingia kitabuni, na yeye akayaingiza hivohivo bila kuyapiga pasi. Wewe wa Langoni ulokosolewa Kiamu chako darasani utamuelewa mara moja.

Anza na Balyakalasakhi, cha 1944, ni chembamba, ukikishika Mokowe umekimaliza kabla basi halijafika Mombasa. Mna mtoto anaitwa Majeed, mwalimu amuuliza moja na moja ni ngapi, na Majeed alishaona mito miwili ikikutana ikawa mto mmoja mpana, basi ajibu: ni moja kubwa kidogo. Darasa zima lacheka, mwalimu amwadhibu. Mimi nilipofika hapo nilifunga kitabu nikakaa kwanza, maana kijana hakukosea, alikua ajibu alichokiona kwa macho yake. Alafu kuna Suhra, jirani yake, ndo roho ya kitabu kizima, huyo sikuelezi utakutana naye mwenyewe. Kiko kwa Kiingereza, tafsiri ya Ronald Asher.

Na kuna jambo lengine la kukuhusu wewe wa Lamu. Basheer aliishi miaka yake mingi ya mwisho Beypore, pembeni ya Kozhikode, ile Calicut ya vitabu vya historia alikofika Vasco da Gama 1498 baada ya kupata rubani Malindi. Beypore hadi leo wanaunda uru, majahazi makubwa ya mbao. Siku nilipofika fundi alikua amechuchumaa ashindilia nyuzi za pamba katikati ya mbao kwa patasi, tu, tu, tu, kalafati ileile ya mafundi wa majahazi wa Matondoni, nikamuonesha kwa simu picha ya jahazi la kwetu, akaishika simu kwa mikono miwili akaikuza ile picha mpaka ikabaki omo, ile sehemu ya mbele, peke yake, akaitazama wee, alafu akanipigia kofi la bega. Hatukua na lugha hata moja ya kuzungumza. Nilirudi nikamsoma Basheer upya.

*Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Malindi. Natafuta mchezo wa kuigiza wa nje ya Afrika, mfupi, wa watoto, na hatuna pesa za mavazi wala steji. Upo?*

Upo mwalimu, na wataka dirisha moja tu. Waitwa Dak Ghar, yaani Posta, ni wa Rabindranath Tagore, ulitoka kwa Kibengali 1912, mwaka mmoja kabla ya kupata Nobel ya fasihi. Mtoto Amal ni mgonjwa, tabibu amekataza asitoke nje, basi akaa dirishani na kila apitaye amuita. Apita muuza mtindi, Amal amuomba amfunze ile sauti yake ya kunadi, yeye mtindi hataki, ataka ile sauti tu, na yule mtu alokua ana haraka ya biashara aishia kutua mzigo na kumpa mtindi bure. Sasa hapo Malindi huna la kufunza, kila mtoto wako anajua mbaazi zinanadiwa vipi asubuhi, muache kila mmoja alete sauti ya mtaani kwake.

Mbele ya dirisha kumefunguliwa posta mpya, na Amal aanza kungoja barua kutoka kwa mfalme.

Mchezo huu ulichezwa Warsaw, Poland, mwezi wa saba 1942, ndani ya geto, ule mtaa Wanazi walikowafungia Wayahudi, na watoto mayatima wa Kiyahudi walokua wakilelewa na daktari Janusz Korczak. Wiki chache baadae watoto hao wakachukuliwa na Wanazi hadi Treblinka, kambi ya mauaji, na Korczak akaenda nao. Wanafunzi wako wakubwa waelezee hilo, wadogo wangoje.

Ombi langu moja mwalimu, usimfanye Amal awe mtoto wa kukohoa na kulia. Ni mtoto ataka kujua kila kitu. Na mwisho aja Sudha, binti wa muuza maua, amkuta Amal amelala, aacha ujumbe aambiwe Sudha hajamsahau. Mstari huo mpe msichana mwenye sauti ndogo. Tagore aliandika amelala, basi na nyinyi semeni amelala.

*Ami, mwezi wa pili nampeleka mzee wangu hospitali Kochi, kulekule Kerala. Zile jioni za kusubiri majibu tufanye nini?*

Allah amshushie shifaa. Kochi mimi nilimpeleka mama, nazijua jioni hizo, mtu akaa chumbani ahesabu mapangaboi. Mwezi wa pili ni kukavu, mvua zao kubwa hazianzi mpaka mwezi wa sita, basi chukueni tuktuk muende Fort Kochi mkaone Kathakali, mchezo wao wa jadi wa kusimulia hadithi kwa ngoma na ishara. Fikeni saa nzima kabla, kwa sababu mekapu wanapakana mbele yenu. Mchezaji alala chali mkekani kama aliyelala usingizi wa kweli na mwenzake amjengea ukingo mweupe wa karatasi kwenye taya, polepole, uso wa kijani ndo wa shujaa, na wengine hutia kimbegu ndani ya jicho mpaka jicho lawa jekundu. Akishasimama hasemi neno, waimbaji wako nyuma na ngoma ya chenda, yeye asema kwa vidole na macho. Mama yangu hasikii vizuri, mwaka ule alikua keshaacha hata kuangalia tivi. Usiku ule alinishika mkono anieleze yeye, huyu amekasirika, huyu aogopa, angalia nyusi.

Mkalishe mzee mbele kabisa, karibu na ile taa kubwa ya shaba ya mafuta.