Re: Binti aliyelelewa na bibi amekuwa mkimya tangu ahamie kwangu

Dada, umeeleza kwamba binti yako wa miaka 13 alilelewa na bibi yake Lushoto, kwamba tangu umlete Dar es Salaam hasemi wala halali vizuri, na kwamba ndugu wanadai bibi alimdekeza. Nimekuwa mwalimu wa ushauri nasaha katika shule ya bweni kwa miaka mingi, nami sikubaliani na hao ndugu.

Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliwachunguza watoto wachanga wa Kiganda karibu na Kampala, akaona jinsi mtoto anavyomfanya mlezi wake kuwa kituo cha kutokea na kurejea kila anapoogopa. Kwa binti yako kituo hicho ni bibi, kwa hiyo ukimya huo naushuku kuwa ni majonzi ya kuachana naye, hata kama bibi yu hai na mzima.

Zaidi ya hapo ipo heshima yetu. Katika koo zetu nyingi msichana hamwambii mama yake habari za hedhi, mvulana au hofu za usiku. Lakini mila hizohizo zilimwekea bibi mwenye utani naye, shangazi wa kumsikiliza na, huku pwani, somo, yaani mwanamke wa kumfunda. Tulipohamia mjini tuliibeba heshima tukawaacha watu hao nyuma, kisha tunashangaa mtoto anapojibu "ndiyo, mama" na kujifungia chumbani. Wanafunzi wanaoletwa kwangu ni nadra kusema wana huzuni. Husema kichwa kinauma, tumbo linasokota, moyo unakwenda mbio, wakapewa dawa za maumivu na kurudishwa darasani.

Mruhusu azungumze na bibi kwa simu akiwa peke yake, wala usimhoji walichoongea, na likizo aende Lushoto bila kuhesabiwa kuwa anakukimbia. Wewe mwenyewe usimketishe umkabili kwa maswali: mchambue mchele pamoja, kwa kuwa mikono ikiwa kazini na macho yakiwa kwenye ungo, mtoto aliyefunzwa heshima huweza kusema. Akiacha kula, akijiumiza au akitamka kwamba hataki kuishi, mpeleke siku hiyohiyo hospitali yenye huduma ya afya ya akili, kama Muhimbili. Dua iendelee, lakini isiwe sababu ya kuchelewa.