Vipimo vyote safi, lakini mtu hainuki kitandani

Dada, pole sana. Umesema mumeo kapimwa malaria, taifodi na vidonda vya tumbo, hakuna kitu. Mama mkwe anasema karogwa, mashemeji wanasema uvivu. Mimi si daktari, ila hayo nimeyapitia.

Wanaume wengi hatusemi "nina huzuni". Tunasema kichwa kinauma, mwili hauna nguvu, moyo unaenda mbio. Nilikuwa na duka la vipuri vya pikipiki. Mteja ananipa elfu kumi kwa plagi ya elfu tatu na mia tano, naikodolea ile noti, chenji haiji kichwani. Usingizi unakatika saa tisa usiku, basi, nasubiri adhana ya alfajiri. Simba na Yanga wanacheza, mimi hata sitaki kujua nani kafunga. Hilo ndilo lililomshtua mke wangu, sio kichwa kuuma!

Hali hiyo ikidumu karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, mpeleke. Inaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na sonona inatibika. Usiogope jina la Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, wengi hawafiki huko. Anzieni hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, ulizeni huduma ya afya ya akili. Waombeni wapime pia wingi wa damu na homoni za tezi ya shingo, maana hitilafu za huko nazo huleta uchovu wa namna hiyo. Kama anakunywa pombe, isemeni.

Mimi nilipewa fluoxetini, dawa ya sonona. Siku za mwanzo ni kichefuchefu tu na wasiwasi, nafuu hakuna. Hapa ndipo wengi wanapotupa vidonge. Dawa hizi huchukua wiki 2 hadi 4, wengine hata 6, ndipo mtu aone tofauti. Na akishapata nafuu asiache ghafla. Mara nyingi huendelea miezi 9 hadi 12, kisha daktari anapunguza taratibu. Pia kuna mazungumzo na mshauri, ambayo kwangu yalisaidia kuliko nilivyotegemea, kwa sababu yule mama hakunihubiria.

Mama mkwe usigombane naye. Maombi yaendelee, mradi kidonge kisiachwe.

Jambo moja usilikwepe: muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali, au ukiona anaaga watu na kugawa vitu vyake, asiachwe peke yake, ondoa sumu za panya na dawa za shamba nyumbani, na mwende hospitali siku hiyohiyo, hata usiku.

Siku ya kwanza ingia naye kwa daktari. Ukimwacha aingie peke yake atasema "niko poa, uchovu tu", atarudi na panadoli. Mweleze daktari wewe unachokiona: hapati usingizi, hataki kula, haongei na watoto. Mko mkoa gani, na mna bima?